Ruta ya Nyumbani: Shahidi wa Raia

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inaeleza vyema uhusiano wa raia na kampuni inayomuuzia intaneti: asiyepima hawezi kujua kama amepunjwa.

Mwaka 2007, nchini Marekani, mtaalamu wa mitandao Robb Topolski aligundua kwamba mafaili ya muziki wa zamani aliyowagawia wenzake kwa BitTorrent hayatoki. Alipochunguza pakiti za data, alikuta ujumbe bandia wa kukata mawasiliano, uliotungwa kana kwamba umetoka kwa kompyuta ya upande wa pili. Kumbe ulipenyezwa na Comcast, kampuni iliyomuuzia huduma. Oktoba mwaka huo, shirika la habari la Associated Press lilijaribu kutuma nakala ya Biblia, likakumbana na kizuizi hichohicho. Agosti 2008, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliamuru mwenendo huo ukome. Aprili 2010, mahakama ya rufaa ilibatilisha amri hiyo, kwa kuwa tume haikuonyesha mamlaka ya kisheria. Amri ilianguka, ushahidi ulibaki.

Hata hivyo, si kila mteja ana ujuzi wa Topolski. Ndipo kazi ya kupima ikakabidhiwa ruta. Kifaa hicho hukaa mlangoni pa nyumba, ambapo data yote huingia na kutoka. Hufanya kazi usiku na mchana, na huweza kusubiri wenyeji wapumzike ndipo kipime, ili matumizi yao yasichafue matokeo. Kikituma mikondo miwili inayofanana, mmoja ukiwa na sura ya video na mwingine hauna, tofauti ya kasi itakayojirudia itaashiria ubaguzi.

FCC yenyewe ilishirikiana na SamKnows, kampuni ya Uingereza, kusambaza vifaa vya kupimia katika maelfu ya nyumba za waliojitolea. Ripoti ya kwanza, ya Agosti 2011, ililinganisha kasi iliyotangazwa na iliyopatikana, hasa kati ya saa 1 na saa 5 usiku, wakati wa msongamano.

Kipimo cha nyumba moja ni lalamiko. Vipimo vya maelfu ni hoja isiyopuuzika. Je, mwanafunzi, ni huduma gani nyingine ambayo raia wa nchi yako huilipia bila kuipima?