Kolandoto na Daftari Lake

Anayetoka Samuye kwenda Kolandoto hupita Shinyanga mjini, kisha hushika barabara ya Mwanza. Ukristo wenyewe ulifika huko kwa njia ndefu zaidi, na nyuma yake uliacha makaburi.

Mwaka 1887 Kabaka Mwanga alimtoa Buganda Alexander Mackay, fundi Mskoti wa shirika la kimisionari la CMS (Church Missionary Society). Mackay akavuka Ziwa Victoria, akajenga kituo Usambiro, upande wa kusini. Machi 1888 Askofu Henry Parker akafia pale. Februari 1890 homa ikamchukua Mackay mwenyewe. Kituo hakikudumu. CMS wakabaki na Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, hadi 1909 walipoikabidhi kwa Africa Inland Mission.

Hao wa Africa Inland Mission ndio walioacha ziwa wakaingia nchi kavu. Kolandoto ilianza mwaka 1913, ikasimamiwa na Mchungaji William Maynard na mkewe Nina, aliyekuwa daktari. Mume alihubiri, mke alitibu. Kwa maoni yangu, mke ndiye aliyejaza viti vya kanisa, maana mwenye kidonda haulizi dhehebu. Baadaye yakawapo makazi ya wagonjwa wa ukoma. Agano Jipya la Kisukuma likatoka 1925, reli ya Tabora kwenda Mwanza kupitia Shinyanga ikakamilika 1928, na 1940 mwanajiolojia John Williamson akapata almasi Mwadui, jirani tu hapo. Biblia nzima ilisubiriwa hadi 1960.

Na kumbukumbu za watu wenyewe je? Huko Uingereza kila parokia iliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, kwa hiyo kijiji kidogo kabisa kinaweza kumtaja mkulima wake wa miaka mia nne iliyopita. Usukumani mambo ya watu yalikaa kwa watemi na banamhala, yaani wazee, vichwani. Kanisa lilipokuja likaleta daftari, ila kwa waumini wake tu.

Na daftari la AIC (Africa Inland Church), kanisa lililotokana na misheni hiyo, lina tabia yake. Ubatizo huja baada ya mafundisho, kwa maji mengi, jambo lisilo rahisi kwenye nchi ya ukame: lazima lambo lijae au mto uwe na maji. Anayebatizwa basi ni mtu mwenye jina tayari. Mabula anaingia maji akiwa Mabula, aliyezaliwa mvua inanyesha, anatoka akiitwa Yohana. Karani akiwa makini huandika majina yote mawili, na la baba, na kijiji alikotoka. Mstari mmoja wa namna hiyo humpa mjukuu ukoo mzima. Karani mvivu akiandika Yohana peke yake, ukoo umepotea.

Hospitali ipo hadi leo, na chuo cha afya pia. Madaftari ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa sababu mchwa wa Shinyanga hawachagui karatasi. Wachungaji na wazee wa makanisa, kuanzia Samuye hadi Nassa: yapigeni picha kurasa zote mwaka huu, na pale lilipobaki jina la ubatizo peke yake, waulizeni banamhala walio hai waongeze lile la nyumbani.