Sange, 2 Julai 2010: moto uliowakuta watu wameketi

Ndugu wasikilizaji wa Uvira na bonde la Ruzizi, na ninyi jamaa mliokimbia makwenu na sasa mnaishi kambini au kwa familia zilizowapokea, leo turudi Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu.

Ijumaa tarehe 2 Julai 2010, Kombe la Dunia lilikuwa Afrika kwa mara ya kwanza. Ilikuwa siku ya robo fainali: Brazil na Uholanzi, kisha usiku Ghana na Uruguay. Ghana ndiyo timu pekee ya Afrika iliyokuwa imebaki. Kila penye televisheni na jenereta watu walijaa.

Jioni hiyo lori la mafuta lilipinduka Sange. Esansi ikamwagika, na watu wakaja na madumu na ndoo kuchota. Kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, watoto wengi kati yao. Nyumba za udongo na majani ziliteketea. Kesho yake Msalaba Mwekundu ulizika maiti katika makaburi ya pamoja. Majeruhi walipelekwa Uvira na Bukavu, wengine kwa helikopta za MONUSCO.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama cha wachota mafuta. Lakini wengi waliokufa hawakugusa hata tone. Walikuwa nyumbani mwao, au wameketi katika chumba cha video wakitazama mpira. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia chini ya mlango na chini ya mabenchi, nao hauonekani. Unapokuta moto, hata wa kiberiti, hurudi nao mpaka pale mafuta yalipo.

Wenye mali nao waliwahi kupatwa. Huko Bradford, Uingereza, tarehe 11 Mei 1985, moto mdogo ulianza chini ya viti vya mbao vya uwanja wa mpira, ambako takataka zilikuwa zimerundikana miaka mingi. Kwa dakika chache tu jukwaa zima liliwaka. Watu 56 walikufa. Baadhi yao walikimbilia milango ya nyuma wakaikuta imefungwa. Waliokimbilia uwanjani, ambako hapakuwa na uzio, wengi walipona.

Visa hivi viwili vinatuhusu, kwani hapa kwetu wafanyakazi, wavuvi, walimu na kamati za wakimbizi wa ndani hukutana chini ya shitingi, juu ya mabenchi ya kuazima. Shitingi ya plastiki huwaka upesi na kudondokea watu ikiyeyuka. Mabenchi yakibanana, anayeinuka kwa hofu humwangusha mwenzake.

Basi tunapopanga mkutano, tuache njia katikati, na pande mbili za kutokea zisizozibwa na mtu, pikipiki wala meza. Jenereta na dumu lake vikae mbali, nje, na esansi isiongezwe injini ikiwa bado moto. Mbabula usiletwe chini ya shitingi. Takataka zifagiliwe chini ya mabenchi. Ndoo za mchanga ziwe tayari, maana maji huutawanya moto wa mafuta. Na lori la mafuta likipinduka karibu, mkutano uvunjwe mara moja, watu waende mbali, watoto kwanza.

Tuyakumbuke makaburi ya Sange. Waliolala humo si wote waliofuata mafuta. Wengine moto uliwafuata walipoketi.