Aurora: istilahi isiyofungwa kaskazini

Katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo, ambacho wenyeji wa Kigali hukiita gare, pande za dunia hutajwa kutwa nzima. Gari la Musanze linakwenda kaskazini, la Huye kusini, la Kayonza mashariki. Kiswahili kinasikika hapo miongoni mwa madereva na wafanyabiashara, na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Lugha iliyopewa hadhi hiyo haiwezi kuishia kwenye nauli na mizigo. Inapaswa kumudu fizikia ya anga pia. Mwanafunzi aliyekutana na ‘aurore boréale’ katika kitabu cha Kifaransa ana haki ya kuuliza: kwa Kiswahili tuseme nini?

Majibu yanayozunguka ni ‘taa za kaskazini’ na ‘mwanga wa kaskazini’. La kwanza tuliache mara moja, kwani taa huwashwa na mtu. La pili linavutia, lakini linataja upande na kunyamazia chanzo. Napendekeza tushike neno aurora, na sababu zangu zinatokana na jinsi mwanga wenyewe unavyozaliwa.

Jua hupuliza bila kukoma mkondo wa chembe zenye chaji, yaani upepo wa jua. Mkondo huo ukifika kwetu hukutana na uga wa sumaku wa dunia, ambao huukinga na kuukengeusha. Sehemu ya nishati yake hulimbikizwa ndani ya uga huo, kisha elektroni husukumwa kwa kasi kufuata mistari ya sumaku hadi kwenye maeneo yanayozizunguka ncha zake mbili. Huko juu elektroni hugonga oksijeni na nitrojeni, na gesi hizo huirudisha nishati ziliyopokea kwa sura ya mwanga. Mwanasayansi wa Norway, Kristian Birkeland, alilionyesha jambo hili maabarani mwanzoni mwa karne ya 20: aliweka tufe lenye sumaku ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, akalipiga kwa elektroni, na pete za mwanga zikatokea kuzunguka ncha zote mbili za tufe.

Rangi nazo zina sababu. Kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi, atomu ya oksijeni iliyogongwa hutoa mwanga wa kijani kabla ya sekunde moja kupita. Rangi nyekundu inahitaji subira zaidi, kwani atomu hukaa na nishati yake karibu dakika mbili ndipo iitoe. Hewa ikiwa nzito, atomu jirani huigonga kabla ya wakati huo na kuipokonya nishati, na mwanga hautoki. Kwa hiyo wekundu huu huonekana juu ya kilomita 200, mahali ambapo atomu zimetawanyika mno. Mtu aliyesimama usiku wa baridi kwenye rasi ya Nordkapp, nchini Norway, juu ya jabali la zaidi ya mita 300 kutoka baharini, huweza kuona kijani kikining’inia utosini kama pazia. Aliye mbali zaidi na ncha huona wekundu peke yake, kwa kuwa kijani kimefichwa na mviringo wa dunia.

Hapo ndipo jina la kaskazini linapopwaya. Ncha ni mbili, na mwanga huu hutokea kwenye zote. Katika dhoruba kubwa ya sumaku ya tarehe 10 na 11 Mei 2024, watu wa Afrika Kusini na Namibia waliupiga picha wakiwa wameelekea kusini. Rwanda nayo inahusika. Ikweta ya sumaku hailingani na ikweta tuliyoizoea; katika eneo letu hupita Ethiopia na Sudan Kusini. Kigali, iliyo nyuzi 2 kusini mwa ikweta ya kawaida, imo kusini mwa zote mbili. Siku mwanga huo ukija kuonekana kutoka Rwanda, atakayeutafuta itambidi aelekee Huye, si Musanze. Hapo ‘mwanga wa kaskazini’ utakuwa umempoteza.

Tusidhani kwamba hilo ni ndoto. Mto Nyabugogo hutoka Ziwa Muhazi, huingia Nyabarongo, na maji yake hufuata Akagera hadi Ziwa Victoria, kisha Nile hadi Khartoum. Tarehe 4 Februari 1872, dhoruba ya sumaku kali kuliko kawaida ilifanya aurora ionekane kutoka mji huo wa Khartoum, na hata kutoka Bombay. Basi istilahi hii si ya nchi za barafu tu.

Zipo njia nyingine za kutafsiri. Aurora ni neno la Kilatini lenye maana ya alfajiri, na mtu anaweza kupendekeza ‘alfajiri ya ncha’. Lakini alfajiri kwetu ni wakati wenye hukumu zake. Anayeisikia katika mtaa wa Nyamirambo, jijini Kigali, anangoja adhana, na elimu ya dini tayari inatofautisha alfajiri ya kweli na alfajiri ya uongo. Hiyo ya pili, inayopanda wima kama mnara hafifu upande wa mashariki kabla ya kupambazuka, wanaastronomia huieleza kuwa nuru ya jua inayotawanywa na vumbi lililo kati ya sayari. Naona ‘mwanga wa buruji’ unaifaa. Tukiongeza alfajiri ya tatu, tutamchanganya msomaji.

‘Mwanga wa angani’ nao ni mpana mno. Kila usiku, juu ya Nyabugogo kama juu ya mahali pengine popote, oksijeni iliyo kwenye kimo cha karibu kilomita 100 hutoa kijani kilekile cha Nordkapp, ila hafifu sana. Mchana mnururisho wa jua huvunja molekuli za oksijeni. Usiku atomu huungana tena na nishati hutoka kama mwanga. Taa za jiji huumeza, lakini kamera iliyoachwa wazi kwa muda mahali penye giza huunasa. Huu hauhitaji ncha wala dhoruba, kwa hiyo uitwe mng’ao wa hewa, na aurora ibaki na maana yake.

Neno aurora lina irabu mwishoni, linatamkika bila taabu, na linaingia vizuri katika ngeli ya i-zi: aurora imeonekana, aurora ya kaskazini, aurora ya kusini. ‘Mwanga wa kaskazini’ uendelee kutumika katika masimulizi ya wasafiri. Darasani, neno aurora lifundishwe sambamba na dhoruba ya sumaku, kwa sababu dhoruba hiyohiyo inaweza kuvuruga mawimbi ya setilaiti zinazoelekeza simu, meli na ndege zisizo na rubani, zikiwamo zile ambazo tangu 2016 hupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Fundi Mnyarwanda atakayezilinda ndege hizo anahitaji istilahi inayomwonyesha chanzo cha tatizo, na Kiswahili kina uwezo wa kumpa.