Ubunifu wa Raia wa Uingereza Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Ubunifu wa kiraia wakati wa vita ni jumla ya zana na mbinu zinazowawezesha wasio wanajeshi kujikinga, kula na kuvaa. Hutofautiana na uvumbuzi wa kijeshi kwa mambo mawili: mtumiaji wake hana mafunzo marefu, na malighafi yake ni ile iliyosalia baada ya jeshi kuchukua fungu lake. Nchini Uingereza, kati ya 1939 na 1945, ulikuwa na matawi manne: makinga, zana za kuzimia moto, chakula na mavazi.

Makinga ya familia yalikuwa ya aina mbili kuu. La kwanza ni handaki la Anderson, lililosanifiwa mwaka 1938 na kupewa jina la Sir John Anderson, msimamizi wa ulinzi wa raia. Mabati ya migongo yaliyopindwa yalifungwa kwa bolti juu, yakachimbiwa bustanini kina cha takriban mita 1.2, kisha yakafunikwa kwa udongo usiopungua sentimita 38. Familia nyingi zilipanda mboga juu ya udongo huo. Handaki moja lilichukua watu sita. Kaya zenye kipato cha chini ya pauni 250 kwa mwaka zililipata bure. Nyingine zililinunua kwa pauni 7. Kasoro yake ilikuwa unyevu, na asiye na bustani hakuwa na pa kulichimbia.

Aina ya pili, kizimba cha Morrison cha mwaka 1941, ilikaa ndani ya nyumba. Mhandisi John Baker alikisanifu kwa fremu ya chuma, bamba la chuma juu na wavu wa waya ubavuni. Mchana kilikuwa meza, usiku kitanda. Nguvu yake ilitokana na kukubali kupinda: ghorofa ilipokiangukia, fremu ilijikunja kidogo na kumeza pigo bila kuporomoka.

Zana kuu ya kuzimia moto ilikuwa pampu ya mkono. Ilitumbukizwa katika ndoo ya maji, na guu lake lililobaki nje likakanyagwa ili isiyumbe. Ilihitaji watu watatu: mpiga pampu, mshika mpira na mchota maji. Maji ya manyunyu yalielekezwa kwenye bomu la moto lenyewe. Maji ya mkondo, kwenye vitu vilivyokwisha kushika moto.

Katika chakula, mgawo ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa sukari, siagi na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Upungufu ulifidiwa kwa kilimo, ufugaji na uchumaji. Mboga zilipandwa hata katika handaki kavu linalozunguka Mnara wa London. Majirani waliunda vyama vya kufuga nguruwe kwa mabaki ya jikoni. Watoto na akina mama walichuma matunda ya waridi-mwitu, yakatengenezwa sharubati yenye vitamini C badala ya machungwa, ambayo yalikuwa adimu.

Mavazi yaliingia katika mgawo wa kuponi tarehe 1 Juni 1941. Hapa kuna mbinu mbili zisizopaswa kuchanganywa: kutengeneza, yaani kutia viraka na kurefusha maisha ya nguo, na kugeuza, yaani kufumua sweta ili uzi ufume nyingine, au kushona koti kutokana na blanketi.

Sifa moja huunganisha matawi yote manne: kila kifaa kilifaa mikono ya mtu wa kawaida. Mgawo wa chakula ulikoma tarehe 4 Julai 1954, lakini baadhi ya mahandaki ya Anderson bado yamesimama bustanini, yakihifadhi majembe.