Saido, Mtoto wa Ziwa: Mshambuliaji wa Klabu Nyingi



Kamati iliponiomba niandike ukurasa wa historia wa kijarida cha mwaka huu, nilidhani wanataka habari za reli au za meli ya Liemba. Hayo yameshaandikwa na waliosoma kuliko mimi. Kwa kuwa harambee ya safari hii ni ya vijana na michezo, nimeona niandike juu ya mcheza mpira. Si mtoto wa Mwanga. Najua wapo watakaouliza kwa nini tumsifu wa jirani wakati wetu wapo. Naomba mnivumilie, sababu itaonekana mbele.

Saidi Ntibazonkiza, ambaye nchi nzima inamwita Saido, alizaliwa Bujumbura tarehe 1 Mei 1987. Bujumbura na sisi tunakunywa maji ya ziwa moja. Maboti ya Kibirizi yanakwenda huko na kurudi, na Muha na Mrundi wakikutana ufukweni hawahitaji mkalimani. Kwa hiyo ninaposema mtoto wa ziwa simpambi. Mtoto wa Bujumbura anajua mgebuka na mawese kama mtoto wa Gungu anavyovijua, na amechezea mpira wa makaratasi kwenye vumbi lile lile.

Alianzia Vital'O, klabu kubwa ya mji wao. Akiwa bado kijana akaenda Uholanzi na kuchezea NEC ya mji wa Nijmegen. Msimu wa 2008/09 NEC iliingia Kombe la UEFA, ikapangwa kundi moja na Tottenham ya Uingereza, ikavuka hadi hatua ya timu 32 na kutolewa na Hamburg ya Ujerumani. Mwaka 2010 akahamia Poland, katika klabu ya Cracovia, iliyoanzishwa mwaka 1906. Huko alikaa misimu minne na akaonja yote mawili: mwaka 2012 timu ilishuka daraja, mwaka 2013 ikapanda tena. Baada ya hapo Uturuki, Akhisar. Kisha Ufaransa, Caen. Kisha Kazakhstan, klabu ya Kaysar, katika mji wa Kyzylorda. Mtu wa ziwani kufika Kyzylorda kutafuta riziki kwa miguu yake! Babu zetu waliofuata misafara ya kwenda pwani wangemwelewa.

Mchezaji wa namna hii ana hesabu tofauti na ile ya nyota. Nyota hununuliwa, timu ikajengwa kumzunguka. Huyu husajiliwa kuziba pengo. Kocha aliyemleta anaweza kufukuzwa baada ya miezi mitatu, na anayekuja hakumchagua. Kila baada ya msimu mmoja au miwili anaanza upya: lugha mpya, baridi mpya, chumba kipya, na mashabiki wasiomjua wanaotaka bao Jumamosi hii hii. Wengi wa aina yake humaliza kazi mapema, kwa sababu goti limechoka au simu ya wakala imeacha kulia. Saido alipotua Dar es Salaam alikuwa na miaka 33, na watu wakasema Yanga wameokota mzee.

Jinsi alivyokuja ni kisa chenyewe. Oktoba 2020 Burundi ilicheza na Taifa Stars mchezo wa kirafiki pale Benjamin Mkapa, ikashinda 1-0, na bao likafungwa na Saido. Sisi tuliokuwa tunatazama tulinuna. Mwezi huo huo Yanga wakamsajili. Alikuwa na ufundi wa mtu aliyekwisha kuona mengi: hakimbii ovyo, anasubiri, na mpira uliotulia, iwe faulo au penalti, anaupiga kama mtu anayepachika ufunguo kwenye mlango wa nyumba yake. Alikuwa Yanga hadi msimu wa 2021/22, ule ambao Yanga walichukua ubingwa bila kufungwa mchezo hata mmoja wa ligi. Mkataba ukaisha, wakaachana.

Hapo ndipo wengine wangerudi nyumbani kufungua duka. Yeye akaenda Geita Gold. Mtu aliyecheza Ulaya, miaka 35, Geita. Akafunga, na dirisha dogo lilipofika Simba wakamchukua. Tarehe 30 Desemba 2022 Simba iliifunga Prisons 7-1. John Bocco alifunga matatu na Saido akafunga matatu katika mchezo wake wa kwanza na jezi nyekundu. Juni 2023 akafunga mabao matano dhidi ya Polisi Tanzania, mchezo ulioisha 6-1. Msimu ulipofungwa, ukijumlisha mabao yake ya Geita na ya Simba, alikuwa na 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga, kileleni mwa orodha ya wafungaji wa ligi yetu. Alikuwa ametimiza miaka 36. Mwaka 2024 Simba nao wakamuaga.

Yupo Saido wa pili, na sitamwacha, kwa sababu vijana wetu humtazama zaidi kwenye simu. Saido Berahino naye alizaliwa Bujumbura, mwaka 1993. Baba yake alifariki wakati wa vita. Akiwa na miaka 10 alifika Uingereza kuungana na mama yake na ndugu zake mjini Birmingham, na West Bromwich Albion wakamlea. Huyu hakwenda polepole. Septemba 2013 alifunga Old Trafford, timu yake ikiishinda Manchester United 2-1. Msimu wa 2014/15 alifunga mabao 20 katika mashindano yote, na Novemba 2014 akaitwa timu ya taifa ya Uingereza, ingawa hakupangwa. Tottenham wakamtaka, klabu ikakataa kumuuza, akakasirika hadharani. Toka hapo mambo yakaharibika. Januari 2017 Stoke City walimnunua kwa pauni milioni 12, na kutoka bao lake la Februari 2016 hadi lililofuata, Agosti 2018, zilipita siku 913. Kisha naye akawa msafiri: Ubelgiji, Sheffield Wednesday, Kupro.

Mwaka 2018 alianza kuichezea Burundi, na mwaka uliofuata Burundi ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, baada ya sare ya 1-1 na Gabon mjini Bujumbura. Berahino alikuwa Misri. Burundi ilifungwa michezo yote mitatu, na Nigeria, Madagascar na Guinea, bila kupata bao. Bujumbura waliwapenda vilevile.

Kwa maoni yangu, anayefaa kufundishwa watoto wetu kama kazi ni yule wa kwanza. Wa pili ni bahati nasibu; wangapi watapata bahati ya kulelewa na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza tangu utotoni? Njia ya kwanza, ya klabu hadi klabu, ndiyo iliyo wazi kwa mtoto wa Mwanga mwenye kipaji cha kawaida kilichonolewa. Tena si mpya hapa nchini. Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, aliyefunga bao la ushindi Yanga ilipoishinda Simba 2-1 pale Nyamagana, Mwanza, Agosti 1974, ndiye anayetajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Alipita Heracles ya Uholanzi, New York, Austria na Dubai. Ramani yake na ya Saido zinafanana kwa kiasi cha kuchekesha: zote zinaanzia Uholanzi na zote zina vituo ambavyo hakuna mtu angevitabiri.

Sasa nirudi kwetu, kwenye uwanja wa Lake Tanganyika.

Mei 2015, wakati Burundi ilipochafuka, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia kijiji cha Kagunga, kule mpakani, mahali ambapo mlima unaingia ziwani na hapana barabara ya maana. Liemba ilikwenda na kurudi ikiwabeba. Waliposhushwa Kigoma walipelekwa uwanjani Lake Tanganyika, wakalala pale kabla ya mabasi kuwapeleka Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimewafuata. Waliokuwepo hawajasahau. Watu wa mji walipeleka uji na nguo, na watoto wa pande zote mbili, kama ilivyo kawaida ya watoto, siku ya pili tu walikuwa wanapiga mpira.

Miaka sita baadaye, tarehe 25 Julai 2021, kwenye nyasi zile zile ilichezwa fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga. Hapakuwa na chumba cha kulala wageni kilichobaki mjini. Sebule za Mwanga zilijaa mikeka. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na zikiwa zimebaki kama dakika kumi kona ya Luis Miquissone ikamkuta Taddeo Lwanga, 1-0, kombe la Simba. Miaka miwili baadaye tukapata timu ya kwetu Ligi Kuu, Mashujaa, na Aprili 2024 Mashujaa wakaitoa Simba kwa penalti katika kombe hilo hilo, hapo hapo nyumbani. Nadhani siku ile hata wenye jezi nyekundu za Simba walishangilia kwa siri.

Kwa hiyo uwanja tunao, timu ya Ligi Kuu tunayo, na vipaji vipo. Kinachokosekana ni karatasi. Hili ndilo lililonifanya nimchague Saido. Mtu hawezi kuvuka nchi sita kwa chenga peke yake. Kila mpaka unadai pasipoti, kila usajili unadai tarehe ya kuzaliwa isiyobadilika, kila mkataba unadai mtu anayeweza kuusoma.

Kijana mmoja wa mtaa wetu, simtaji jina kwa kuwa mama yake yuko kati yenu, aliitwa Dar es Salaam kwa majaribio akiwa na miaka 17. Aliacha shule kidato cha tatu. Alisaini karatasi ambayo hakupewa nakala. Alipoumia goti waliomleta hawakupokea simu tena, akarudi kwa treni daraja la tatu, na mguu wake ukafungwa hapa hapa kwa michango ya msibani. Leo anaendesha bodaboda. Anacheka akisimulia. Mimi sicheki.

Tena kuna fedha tunazozipoteza bila kujua. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea toka msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia moja. Kila msimu kati ya 16 na 23 una nusu ya asilimia. Tuseme mtoto aliyelelewa Mwanga toka miaka 12 hadi 17 anauzwa nje kwa shilingi milioni 400. Misimu minne ya mwanzo inatupa milioni 4, na miwili inayofuata inatupa milioni 4 nyingine. Milioni 8, na akiuzwa tena, hesabu inafanywa tena. Lakini hulipwa klabu iliyosajiliwa, kwa mchezaji aliyesajiliwa. Timu zetu za mtaani hazina hata daftari la majina. Mtoto akifanikiwa, tunabaki na picha ukutani na maneno ya "huyu tulimlea sisi".

Wapo wanachama wanaosema fedha za harambee ziende zahanati na madawati, si mpira. Nawaelewa, na sehemu kubwa itakwenda huko. Tunachoomba kwa upande wa vijana ni kidogo: ada ya kusajili timu moja ya watoto chini ya chama cha soka cha wilaya, daftari, vyeti vya kuzaliwa kwa wasio navyo, bima ya afya kwa watakaosajiliwa, na sharti moja lisilojadiliwa, kwamba asiyeonekana darasani Jumatatu hachezi Jumamosi. Mwanachama mmoja ambaye ni wakili amekubali kusoma bure mkataba wowote utakaoletwa kabla haujasainiwa.

Siku ya mkutano mkuu kutakuwa na meza mbili mlangoni. Ya kwanza ni ya mweka hazina. Ya pili itakuwa na fomu za RITA, na mzazi mwenye mtoto asiye na cheti aje na kadi ya kliniki, au kama imepotea, aje na jirani aliyekuwepo mtoto alipozaliwa.