Lipiko na Kinyago: Mti, Mchezaji na Ngoma

Wataalamu wa sanaa ya Afrika wanapojadili vinyago vya kuvaliwa ngomani, huelekea kuanzia Afrika Magharibi, kwa Wayoruba na Wadogon, kana kwamba huku kwetu hakuna. Makusudi ya makala haya mafupi ni kuonyesha kwamba sehemu ya kosa hilo imo katika msamiati wetu.

Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji wana lipiko, wingi wake mapiko. La Msumbiji huchongwa kwa mti mwepesi likafunika kichwa kizima. Mara nyingi hutiwa nywele za binadamu, na chale zake hufanyizwa kwa nta. Lenye sura ya kike huweza kuwa na ndonya. Huchezwa hasa vijana watokapo jandoni. Kwa desturi, wanawake na wasiotahiriwa hawakupaswa kumjua aliyemo ndani: walimwona mzimu, si jirani. Kwa hiyo neno lipiko hutaja mti, mchezaji na ngoma kwa pamoja.

Kiswahili kiliyaita haya yote kinyago, jina lile lile la sanamu ya mpingo iuzwayo kwa watalii. Na barakoa, tangu 2020, hutukumbusha kwanza korona.

Madhara yake si ya kamusi tu. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde cha kuvaliwa kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam; mwaka 1985 kikanunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva. Mapatano ya kukirudisha yalitiwa sahihi Paris tarehe 10 Mei 2010. Mti ulirudi, ngoma haikuwamo sandukuni.

Sisi wa Chwele twaweza kulielewa jambo hili. Wabukusu hawachongi vinyago vya jando. Lakini mtahiriwa, mnamo Agosti ya mwaka wa shufwa, hupakwa udongo wa mtoni, akageuka mtu mwingine machoni pa jamaa zake. Udongo huo hauwezi kuibwa wala kurudishwa na makumbusho yoyote. Kinachobaki ni maneno yake.

Basi yafaa kamusi zetu zilipokee lipiko kwa maana zake zote tatu, na wanafunzi wetu wayakusanye maneno ya jando, ya Kimakonde na ya Kibukusu, wangali hai wazee wayajuao.