PHP: kabla ya kunakili, tazama mwaka

Wadau, majuzi nilinakili somo la PHP mtandaoni, tovuti yangu ikagoma kabisa. Kumbe kosa langu ni kutojua historia.

Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliitengeneza PHP kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, kisha akaitoa bure mwaka 1995. Lugha ikakua, masomo yakazagaa kila kona. Mwaka 2015, toleo la 7 likaziondoa amri zinazoanza na mysql_, zilizotumika kuwasiliana na hifadhidata. Masomo yaliyozifundisha hayakuondoka.

Sasa naanzia php.net, kwenye mwongozo rasmi. Ni wa bure, na unaonyesha amri ipi iliondolewa toleo gani. Somo lisilo na mwaka nalipita tu. Jamani, elimu nayo huchacha!